Mkono wa Mwalimu: Kufundisha Ukiwa na Maumivu ya Kudumu ya Mkono

Utangulizi

Mwanachuo anapojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hukagua mambo mengi: azimio la kazi, andalio la somo, zana, mavazi, hata sauti yake. Ni nadra akaukagua mkono wake. Hata hivyo, mkono ndio unaoandika ubaoni, unaofuta, unaosahihisha madaftari, unaotengeneza chati na, jioni, unaoshika jembe. Mkono ukichoka kupita kiasi na kuachwa bila kuangaliwa, huanza kuuma, na maumivu hayo huweza kudumu kwa miezi au miaka.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maumivu hayo ni nini, yanatokana na nini, na jinsi mwalimu anavyoweza kuendelea na kazi bila kuudhuru mkono wake wala kuwanyima wanafunzi haki yao. Shabaha yetu kubwa ni kuonyesha kwamba jambo hili si la mganga peke yake. Ni jambo la mbinu za kufundisha. Mwalimu anayefanya kila kitu kwa mkono wake mwenyewe huuchosha mkono, na papo hapo huwaacha wanafunzi wakiwa watazamaji.

Tukio lililotufunza

Kabla ya kuwa wakufunzi tulifundisha katika shule moja ya msingi katika kata ya Nambilanje, Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Darasa letu la tatu lilikuwa na wanafunzi 84. Tuliamini kwamba mwalimu hodari ni yule ambaye ubao wake umejaa na madaftari yake yote yana wino mwekundu. Kila asubuhi tuliujaza ubao mara tatu au nne. Kila alasiri tulibeba madaftari nyumbani.

Mwezi wa Oktoba ukafika. Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa wanajua maana ya Oktoba: korosho zinaanguka, na kila mwenye mikorosho yuko chini ya miti yake. Sisi pia tulikuwa na shamba dogo. Tuliinama kuokota, tukizungusha kila korosho hadi ikachomoka kwenye bibo lake, kisha usiku tukashika kalamu. Maumivu yalianzia upande wa nje wa kiwiko cha mkono wa kulia, yakashuka hadi kwenye kifundo. Baada ya majuma machache hatukuweza kuinua birika la chai bila kukunja uso.

Tulifanya kosa ambalo wengi hulifanya. Tulinyamaza. Tuliona haya kusema kwamba chaki, kitu chepesi kama kile, imetushinda, ilhali majirani zetu wanalima kutwa nzima. Tulifunga kitambaa kwenye kiwiko na kuficha chini ya shati la mikono mirefu. Ili kuupumzisha mkono tukaacha kusahihisha. Tulifungua daftari, tukaweka sahihi, tukalifunga.

Siku moja msichana mmoja alituletea daftari lake la Hisabati na kuuliza kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Samahani, mimi sijui kama nimepata au nimekosa." Tulilifungua. Aliandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35. Tukarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa. Kila mahali palipotakiwa kukopa kutoka makumi, yeye alitoa namba ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Kosa hilohilo lilijaza kurasa 11, na chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi yetu. Kwa muda wa majuma matatu mtoto yule alijizoeza kukosea, nasi tulimthibitishia kwa wino.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba maumivu tuliyoyaficha hayakuwa yetu peke yetu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tuliumbuliwa na daftari la mtoto wa darasa la tatu.

Maumivu haya ni nini?

Misuli ya mkono imeungana na mifupa kwa kano, ambazo ni kamba ngumu. Baadhi ya kano hupita ndani ya ala, kama kisu kipitavyo ndani ya ala yake. Mkono unaporudia tendo moja mara nyingi bila mapumziko, kano husuguliwa na kuvutwa, na mwili haupati nafasi ya kurekebisha mahali palipochakaa. Aidha, msuli unaokazwa muda mrefu bila kulegezwa haupati damu ya kutosha. Mambo matatu huongeza madhara: kurudia tendo, kutumia nguvu nyingi, na kukaa katika mkao mbaya. Yanapokutana yote matatu, hatari ni kubwa zaidi.

Maumivu hayo hujitokeza kwa sura mbalimbali. Yakishika upande wa nje wa kiwiko, huzidi mtu anapokaza kiganja au kukamua nguo. Yakishika kano za kidole gumba penye kifundo cha mkono, huzidi mtu anapobana kitu kwa gumba. Hali hii ilielezwa na daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, mwaka 1895, na huwapata sana kina mama wenye watoto wachanga kwa sababu ya kuwanyanyua mara kwa mara. Yakiwa ni ya neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, mtu husikia ganzi katika gumba, kidole cha shahada, cha kati na sehemu ya cha pete, hasa wakati wa usiku.

Si maradhi mapya. Mganga wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi mjini Modena mwaka 1700. Katika toleo la mwaka 1713 aliongeza habari za waandishi wa ofisini. Alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kukaa kutwa nzima, kuuendesha mkono kwa namna ileile, na wasiwasi wa akili wa kuogopa kukosea. Alisimulia habari za mwandishi mmoja aliyeandika maisha yake yote hata mkono wa kulia ukapooza. Mtu yule akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na haukupita muda mrefu mkono wa kushoto nao ukashikwa.

Mwanachuo na aitafakari habari hiyo. Mtu yule alibadili mkono, lakini hakubadili kazi. Ndivyo tunavyofanya nasi tunapohamisha chaki kutoka kulia kwenda kushoto na kuendelea kujaza ubao uleule.

Kazi ya mwalimu kwa hesabu

Tuchukue darasa la wanafunzi 84 na masomo matatu yenye mazoezi ya kuandika kwa siku moja. Madaftari ni 252. Kila zoezi likiwa na maswali 10, mwalimu ataweka alama 2,520 za vema au kosa, mbali na kufungua madaftari, kuyafunga na kuandika tarehe. Akifanya hivyo siku tano, alama zinafika 12,600. Uwiano unaokubaliwa na serikali kwa shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini mwanachuo hana budi kujiandaa kukuta darasa kubwa kuliko hilo.

Ubao nao una gharama yake. Anayeandika sehemu ya juu hushikilia mkono juu ya bega muda wote, na misuli ya bega haipumziki. Kipande kifupi cha chaki hubanwa kwa ncha za vidole kwa nguvu zaidi kuliko kipande kirefu. Ubao uliochakaa na kung'aa humlazimisha mwalimu kukandamiza ili maandishi yaonekane.

Mbinu za ubaoni

(a) Andika machache. Kabla ya kuingia darasani, jiulize kila sentensi ya andalio: je, hii lazima iandikwe, au yatosha kusemwa? Maneno mapya, mfano mmoja uliofanywa kikamilifu, na maswali machache yaliyochaguliwa vema hutosha kwa kipindi kimoja.

(b) Tumia sehemu ya katikati ya ubao, kati ya kifua na macho. Sogea kwa miguu badala ya kunyoosha mkono. Sehemu ya juu iandikwe kichwa cha somo na tarehe tu.

(c) Andika kwa bega na mkono mzima, si kwa vidole. Herufi kubwa huonekana hadi nyuma, na hutumia misuli mikubwa isiyochoka upesi.

(d) Nenepesha unachokishika. Kipande cha mwanzi chenye tundu linalobana chaki ni kishikio kizuri. Kalamu nayo izungushiwe ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli hadi iwe nene kama kidole. Kitu kinene hakihitaji kubanwa kwa nguvu.

(e) Paka ubao rangi upya unapong'aa, na uombe jambo hilo lipangwe mapema katika matumizi ya shule.

(f) Tengeneza chati za kudumu. Jedwali la kuzidisha, silabi na ramani ya wilaya viandikwe mara moja juu ya viroba safi vilivyofumuliwa, vitumike mwaka mzima.

(g) Wape wanafunzi chaki. Mwanafunzi anayeandika jibu ubaoni na kulieleza kwa wenzake hujifunza zaidi kuliko anayenakili.

Jambo hili la mwisho tuliligundua baada ya kisa cha daftari. Kwa kuwa mkono ulikataa kuandika, tulimwita msichana yule ubaoni tukamwomba aeleze kwa sauti alivyopata 35. Alieleza vizuri kabisa: "Saba haiwezi kutoka katika mbili, basi nikatoa mbili katika saba." Tukauliza ni nani mwingine hufanya hivyo. Karibu nusu ya darasa ilinyoosha mikono. Tukatoa vijiti, tukavifunga makumi makumi, tukafungua fungu moja mbele yao. Somo lile lilitugharimu mstari mmoja tu wa chaki. Kosa ambalo kalamu yetu haikuligusa kwa majuma matatu lilijulikana kwa dakika chache.

Mbinu za kusahihisha

Hatusemi kwamba mwalimu aache kusahihisha. Tumekwisha ona hasara yake. Tunasema apange.

Ligawe darasa la wanafunzi 84 katika makundi manne ya wanafunzi 21. Kila siku sahihisha kwa makini kundi moja katika kila somo. Madaftari yatakuwa 63 badala ya 252. Makundi matatu yanayobaki yabadilishane madaftari na kusahihishana kwa penseli, huku majibu yakitajwa kwa sauti na mwanafunzi mmoja mmoja akieleza njia aliyotumia. Zunguka darasani ukitazama. Kwa mpango huu kila mtoto husomwa na mwalimu mwenyewe mara moja katika kila siku nne za masomo, na husomwa kwa kweli.

Punguza maswali bila kupunguza uzito. Maswali manne ya kutoa, mawili yakiwa ya kukopa na mawili yasiyo ya kukopa, yanaonyesha kosa la mtoto sawasawa na maswali 20. Kosa linalojirudia kwa wengi lisiandikwe katika madaftari 40. Lifundishwe tena kesho yake. Weka daftari dogo la kumbukumbu: jina la mwanafunzi, aina ya kosa, tarehe. Kumbukumbu hiyo ndiyo utakayomwonyesha mwalimu mkuu au mthibiti ubora wa shule akitaka kujua kwa nini wino mwekundu umepungua. Ni busara zaidi kumweleza mwalimu mkuu mpango wako kabla hujauanza kuliko kujitetea baadaye.

Wakati wa kusahihisha, keti penye meza, kiwiko kikiegemea, mabega yakiwa yamelegea. Kila baada ya dakika 20 weka kalamu chini, fungua na kufumba viganja, zungusha mabega, simama. Usisahihishe ukiwa umelala kitandani, wala daftari likiwa juu ya goti.

Yafaa pia tuwakumbuke wanafunzi wenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekaa sakafuni, daftari likiwa mapajani, akinakili ukurasa mzima huku amebana kipande cha penseli, anapatwa na yaleyale. Akikung'uta mkono wake, usimwite mvivu. Mpe penseli ndefu, mwonyeshe namna ya kushika bila kubana, na umwachishe kuandika kwa muda.

Nje ya darasa

Mkono hautofautishi kazi ya shule na ya nyumbani. Huhesabu yote pamoja. Palizi ya ufuta, kuzungusha korosho, kubangua, kutwanga, kuteka maji na kukamua nguo vyote vinaingia katika hesabu ileile. Kwa hiyo mwenye mkono unaouma hupanga juma lake kama mtu apangavyo chakula cha akiba. Siku yenye madaftari mengi isiwe siku ya jembe. Mpini uwe mnene wa kutosha na laini, na jembe liwe limenolewa, kwani jembe butu hudai nguvu. Ndoo mbili ndogo ni nafuu kuliko moja kubwa.

Hapa linakuja jambo gumu, nalo ni kuomba msaada. Mkono mmoja haulei mwana, na methali hii haikutungwa kwa walezi peke yao. Kubadilishana vipindi na mwalimu mwenzako, wewe ukichukua nyimbo na hadithi, yeye akichukua mwandiko, si udhaifu. Sisi tulipomweleza mwenzetu mmoja hatimaye, alitujibu, "Pole sana. Kumbe ndiyo maana! Mimi nilidhani umechoka na kazi." Kimya chetu kilikuwa kimetujengea jina ambalo hatukulistahili.

Tiba na haki

Kanuni ya kupima maumivu ni rahisi. Yakianza kazini na kwisha baada ya kulala, endelea na kazi lakini punguza marudio. Yakibaki hadi asubuhi, badili kazi kwa siku kadhaa. Yakikuamsha usiku, au yakiwa pamoja na ganzi au kudondosha vitu, nenda zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa. Uvimbe wenye joto na homa, au mkono uliolegea ghafla, ni dharura. Maumivu ya mkono yanayokuja pamoja na kubanwa kifua nayo ni dharura, kwani huenda yanatoka moyoni.

Mkono usifungwe na kuachwa bila kutumika kwa majuma mengi. Misuli hudhoofika na viungo hukakamaa. Kinachofaa ni kupumzika kwa kiasi, kisha mazoezi mepesi yanayoongezwa taratibu. Kitambaa chenye maji baridi hupunguza maumivu kwa muda. Dawa za kutuliza maumivu zitumike kwa ushauri wa mganga, maana baadhi yake zikitumiwa muda mrefu huleta vidonda vya tumbo. Kukandwa kwa upole hakuna ubaya. Lakini kuchanjwa kwa wembe hakuifikii kano, na wembe usio safi huweza kuleta pepopunda na virusi vya UKIMWI.

Mwalimu ajue pia haki zake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inahusu ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Haki hizo hudaiwa kwa maandishi: tarehe maumivu yalipoanza, kazi uliyokuwa ukifanya, cheti cha mganga, na nakala ya barua uliyomwandikia mwalimu mkuu. Aliyenyamaza hana nakala.

Hitimisho

Hatutaki kumdanganya mwanachuo. Mkono wetu haukupona kabisa. Kila msimu wa korosho hutukumbusha, na ipo miezi ambayo kiwiko kinatuamulia ni nini kifanyike na nini kiachwe. Lakini hatukuacha kufundisha. Tulijifunza kutumia chaki kidogo, kusikiliza zaidi, na kuwaachia wanafunzi sehemu ya kazi ambayo tangu awali ilikuwa yao. Mengi kati ya haya tungeyafanya hata kama mkono ungekuwa mzima, laiti tungefundishwa mapema. Ndiyo sababu tumeyaandika.

Maswali ya majadiliano

1. Chukua andalio lako la somo la juma lililopita. Hesabu mistari uliyoandika ubaoni. Ni ipi ingeweza kuandikwa na wanafunzi, na ni ipi haikuhitajika?

2. Una wanafunzi 96 na masomo mawili yenye mazoezi ya kuandika kila siku. Panga ratiba ya kusahihisha kwa juma moja, ukionyesha kila mtoto atasomwa lini na mwalimu.

3. Katika kundi la wanachuo wawili, mmoja awe mwalimu mwenye maumivu ya mkono, mwingine awe mwalimu mkuu. Igizeni mazungumzo ya kuomba mabadiliko ya vipindi.

4. Mwanafunzi amepata 35 katika swali la 52 kutoa 27. Tayarisha hatua za kumrekebisha bila kuandika zaidi ya mstari mmoja ubaoni.